Mizani ya miguu: kuchagua na kutumia pawamita ya kranki

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mwezi Septemba mwaka 2025, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, simu na barua za vijana wa baiskeli zimeongezeka mezani pangu. Katika mbio kuu ya wanaume washindani walipanda na kushuka vilima vya mji ule kwa kilomita 267.5, na walioona mwisho wa safari walikuwa 30 tu. Vijana wetu walitazama, wakatamani, na sasa swali lao ni lile lile: ninunue pawamita? Na kama ni kununua, ninunue ipi?

Swali hili si dogo. Kwa kijana anayeishi kwa kibarua, bei ya chombo hiki ni akiba ya miezi mingi. Tena wati, yaani kipimo cha nguvu, zimekuwa kama cheti cha shule. Mwaka 2020 Jay Vine wa Australia alishinda shindano la mtandaoni la Zwift Academy, akikanyaga baiskeli iliyofungwa mahali pamoja, na zawadi yake ilikuwa mkataba na timu ya kulipwa. Mwaka 2022 akashinda hatua mbili za mbio za Hispania. Namba zilimfungulia mlango. Lakini namba zinazofungua mlango zinaweza pia kumwaibisha mtu, ikiwa chombo kilichozitoa hakisemi kweli. Hilo ndilo nataka tulizungumze juma hili.

Tuanze na chombo chenyewe. Kranki ni ule mkono wa chuma unaobeba pedali. Unapoukanyaga, hujikunja kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Ndani ya pawamita kuna vipande vyembamba vya madini vilivyogandishwa kwenye kranki. Kranki ikijikunja, navyo hunyooka au kubanwa, na njia ya umeme ndani yake hubadilika. Chombo husoma badiliko hilo na kujua umekanyaga kwa nguvu gani. Kisha huhesabu mizunguko ya miguu kwa dakika, huzidisha, na kutuma jibu bila waya kwenye kompyuta ndogo iliyo usukanini. Mhandisi wa Kijerumani Ulrich Schoberer ndiye aliyeleta kipimo cha namna hii katika baiskeli, na kampuni yake ya SRM ilianza mwaka 1986.

Tufanye hesabu moja. Tuseme kranki yako ina urefu wa milimita 172.5, nawe unazungusha mara 90 kwa dakika. Pedali yako inasafiri karibu mita 1.63 kila sekunde. Kama kwa wastani wa mzunguko mzima, miguu yote miwili kwa pamoja, unasukuma kwa newton 150, ambazo ni sawa na uzito wa kilo 15 na ushee, basi unatoa wati 244. Nguvu mara mwendo, basi. Hakuna uganga hapo.

Faida yake ni nini? Mwendo wako hudanganywa na upepo na mteremko. Mapigo ya moyo nayo hucheleweshwa, tena hupandishwa na jua, kahawa, hofu na usingizi mchache. Wati hazijali upepo unatoka wapi. Mtu ambaye uzito wake na wa baiskeli ni kilo 75, akipanda mlima wa asilimia 6 kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, anahitaji kama wati 184 za kuushinda mlima peke yake, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa tairi. Mlima hauna upendeleo. Ukijua uwezo wako, hutakurupuka dakika tano za mwanzo ukaishia kusukuma baiskeli kwa mkono.

Sasa sikiliza kisa cha mtu tunayemjua. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, na baadaye akashinda Tour de France mara nne. Mwezi Julai mwaka 2015 aliwaacha wenzake vibaya kwenye mlima wa La Pierre-Saint-Martin nchini Ufaransa. Maneno yakaanza. Televisheni ya Ufaransa ikaleta makadirio ya wati 7.04 kwa kila kilo ya mwili wake, na watazamaji wengi wakaelewa wanachoambiwa: mtu huyu anatumia dawa.

Siku ya mapumziko timu yake ikatoa namba za pawamita. Wastani wa mlima ule ulikuwa wati 414. Ukigawa kwa uzito wake wa kilo 67.5 unapata 6.13. Lakini timu ikaeleza kwamba hata hiyo imezidi, kwa kuwa gia yake ya mbele haikuwa duara kamili, na gia ya namna hiyo huifanya pawamita izidishe kwa asilimia 6 hivi. Wakipunguza, wanapata 5.78. Sababu yake ni kwamba chombo huchukulia kuwa mguu unazunguka kwa mwendo ule ule toka juu hadi chini, na kumbe kwenye gia isiyo duara mguu huharakisha na kupunguza mwendo ndani ya mzunguko mmoja.

Mlima mmoja, mtu mmoja, namba tatu: 7.04, 6.13 na 5.78. Mimi sikuja hapa kumhukumu wala kumtetea mtu. Nasema tu kwamba heshima ya mwanadamu ilining'inia kwenye swali ambalo wengi hawakuliuliza: namba hii imepimwa na nini, na kwa namna gani? Kijana wa Iten au wa Moshi atakayetuma wati zake ng'ambo ataulizwa swali hilo hilo, naye hatakuwa na timu kubwa ya kumjibia.

Basi tuje kwenye kuchagua. Pawamita za kranki ni za aina tatu.

Ya kwanza hupima mkono wa kushoto peke yake na kuzidisha mara mbili. Hii ndiyo rahisi kwa bei na rahisi kuifunga. Kasoro yake iko kwenye kule kuzidisha. Ukitoa wati 250 za kweli, na mguu wa kushoto ukachangia asilimia 48, chombo kitaona 120 na kuandika 240. Ukichangia asilimia 52 kitaandika 260. Tena mizani ya miguu ya mtu hubadilika akichoka au akiwa na jeraha.

Ya pili hupima mikono yote miwili, kila mmoja peke yake. Hii ni ghali zaidi, ila humfaa aliyevunjika mguu au kufanyiwa upasuaji wa goti na anataka kujua mguu upi unabebwa na mwenzake.

Ya tatu hukaa katikati, pale kranki ya kulia inaposhikana na gia ya mbele. Nguvu za mguu wa kushoto hupitia ekseli na kufika hapo pia, kwa hiyo chombo hupima jumla ya miguu yote. Haiwezi kutenganisha kushoto na kulia kwa uhakika, bali jumla yake hutegemewa sana.

Mimi mwenyewe natumia ya mkono wa kushoto, na inanitosha, kwa sababu najilinganisha na mimi wa mwezi uliopita. Mtu anayefanya mazoezi peke yake, kwa baiskeli moja, hahitaji zaidi. Lakini ukitaka namba zako zisimame mbele ya kocha wa mbali, ukiweza nunua inayopima jumla.

Kabla ya kutoa fedha, hakikisha mambo manne. Kwanza, urefu wa kranki na aina ya ekseli vilingane na baiskeli yako. Mkono wa kampuni moja aghalabu hauingii kwenye ekseli ya nyingine. Pili, tazama nafasi kati ya kranki ya kushoto na fremu. Kile kijumba cha betri hukaa upande wa ndani, na ikiwa nafasi haifiki milimita 10 huenda kikagusa. Tatu, uliza betri. Zinazotumia betri ya kidonge ya CR2032 ni rahisi kuhudumia, maana betri hiyo inapatikana hata kwa fundi wa saa. Nne, iweze kuzungumza na kompyuta au simu uliyo nayo.

Wanaonunua mitumba wasikilize hapa vizuri. Mwezi Septemba mwaka 2023 kampuni ya Shimano ilitangaza ukaguzi wa kranki zake za Dura-Ace na Ultegra za gia 11 zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019, kwa kuwa vipande vilivyounganishwa kwa gundi viliweza kuachana na kranki kuvunjika. Kule Marekani na Canada pekee zilihusika kama kranki 760,000, na pawamita ya Dura-Ace ya wakati huo ilikuwa miongoni mwake. Nyingi ya hizo zingali zinauzwa mkono kwa mkono. Ukiuziwa moja kwa bei ya kutupa, itazame nyuma, soma namba ya utengenezaji, na uliza kama ilikaguliwa. Kranki ikikatika kwenye mteremko, wati hazitakusaidia.

Umeshanunua. Sasa kuitumia. Jambo la kwanza ni sifuri. Kila mizani ya dukani huanzia kwenye sifuri, na hii pia. Kabla ya kuondoka, toa baiskeli nje ikae dakika 10 au 15 izoee hewa, maana chuma hubadilika kwa joto na baridi. Halafu shusha miguu chini, simamisha kranki wima kama kitabu cha maelezo kinavyosema, na bonyeza amri ya kuweka sifuri. Ni kazi ya nusu dakika. Ukiipuuza, kosa la newtonmita 1 tu, kwa mizunguko 90 kwa dakika, ni wati 9 na zaidi. Kwa ile ya mkono mmoja inayozidisha mara mbili, ni karibu 19.

Jambo la pili ni kuihakiki kwa uzito. Chukua kitu cha kilo 20 kilichopimwa kwenye mizani ya kuaminika. Banza breki ya nyuma, weka kranki ilale sawasawa, ning'iniza uzito ule kwenye ekseli ya pedali. Kwa kranki ya milimita 172.5, simu au kompyuta inapaswa kuonyesha karibu newtonmita 33.8. Ikionyesha 34.5, chombo chako kinazidisha kwa asilimia 2. Fanya hivi kila baada ya miezi michache na uandike kwenye daftari. Daftari hilo ndilo shahidi wako.

Jambo la tatu, pima uwezo wako. Pasha mwili moto, kisha kanyaga dakika 20 kwa nguvu zote unazoweza kuzidumisha, na uchukue asilimia 95 ya wastani. Ukipata 250, kiwango chako ni 238 hivi. Safari ndefu za kujenga mwili zifanyike kati ya asilimia 56 na 75, yaani wati 133 hadi 178. Mazoezi makali ya kiwango yawe kati ya 217 na 250. Rudia jaribio barabara ile ile. Usilinganishe namba ya Iten, mita 2,400 juu ya bahari, na ya Mombasa. Hewa ni nyembamba kule juu, na wati hupungua kwa kila mtu.

La nne, linda chombo. Usiipeleke baiskeli kwenye mashine ya kuoshea magari, maana maji ya msukumo hupenya kwenye kifuniko cha betri. Baada ya mvua, fungua kifuniko, futa, acha pakauke.

Na asiye na uwezo wa kununua? Chama cha wapanda baiskeli kumi kinaweza kununua moja, ikafungwa kwenye baiskeli ya chama iliyowekwa kwenye stendi ya mazoezi, na kila mwanachama akapimwa mara moja kwa mwezi. Ikiwa bado unapanda na tairi zilizokwisha na breki za kubahatisha, tengeneza hizo kwanza. Saa na mlima wa jirani vilipima watu miaka mingi kabla ya umeme kuingia kwenye kranki.

Niwaachie hesabu ya mwisho. Kijana wa kilo 62 anayesoma wati 300 atajitangaza kuwa na 4.84 kwa kilo. Chombo chake kikiwa kimezidisha kwa asilimia 4, ukweli ni 4.65. Atakapofika kambini ng'ambo na kupimwa upya, ataonekana mwongo, na kumbe hakudanganya mtu. Kilo 20 na daftari la shilingi chache zingemwepusha na aibu hiyo.

Hadi juma lijalo, endesheni salama, na kwaherini.