Kipimo cha ua ni ua la jirani

Kila Julai na Agosti, majira ya joto yanapokolea, kumbi za vijiji vya Uingereza hujaa meza za maua. Maua hayo hutoka nyuma ya nyumba za watu: dalia, waridi, karnesheni, na yale maua ya jamii ya njegere yanayopendwa kwa harufu yake, Lathyrus odoratus, ambayo katika makala hii nitayaita njegere-maua. Wenyewe huyakata alfajiri, huyapanga katika vyombo, kisha hutoka nje ili waamuzi wapite. Waamuzi huhesabu maua kwenye kila kikonyo, hutazama kama petali zimeanza kunyauka pembeni, na kama maua ya chombo kimoja yamelingana kwa ukubwa na kwa umri. Mchana milango hufunguliwa, na hapo ndipo kazi yenyewe huanza: mtu husimama mbele ya ua la mwenzake, akauliza lilipandwa lini, lililishwa nini, na mbegu ilitoka kwa nani. Mpita njia huona hapo burudani ya wastaafu wenye muda mwingi. Mimi naona taasisi. Desturi hii ya kulinganisha maua na kupeana mbegu ndiyo iliyoyatengeneza mengi ya maua tunayoyaona leo kwenye bustani za dunia, na ndiyo iliyoyanusuru pale soko lilipoyatupa.

Historia ya njegere-maua inaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1699 Francesco Cupani, mtawa wa Sicily, alimpelekea mbegu zake Robert Uvedale, mwalimu wa shule huko Enfield, karibu na London. Lilikuwa ua dogo la zambarau, lisilo na makuu ila harufu yake, na kwa zaidi ya karne moja na nusu halikubadilika sana. Miaka ya 1870 Henry Eckford, mtunza bustani mzaliwa wa Scotland, alianza kulipa ua moja chavua ya jingine na kuchagua watoto waliozidi wazazi. Mwaka 1888 alihamia mji mdogo wa Wem, Shropshire. Kufikia mwaka 1900, London ilipofanya maonyesho katika jumba la Crystal Palace kuadhimisha miaka mia mbili ya ua hilo nchini, karibu nusu ya aina zilizowekwa mezani zilikuwa kazi ya mikono yake. Mwaka huohuo wakuzaji wake waliunda chama cha kitaifa, na kuanzia hapo kila mwenye uzio wa kupandia alijua mahali pa kupeleka ua lake likapimwe.

Kilichofuata ndicho kinachonishawishi zaidi. Mwaka 1901 Silas Cole, mkuu wa bustani za familia ya Spencer huko Althorp, alileta mbele ya chama hicho ua la waridi lenye petali pana zilizojikunja kama mawimbi, akaliita 'Countess Spencer'. Umbo lile halikuwahi kuonekana kwenye jukwaa la mashindano. Katika miaka hiyohiyo, mfanyabiashara wa duka la vyakula katika kijiji cha Histon karibu na Cambridge, W. J. Unwin, aliona kwenye mimea yake ua lenye petali za mawimbi vilevile, akalipa jina la binti yake, Gladys. Watu wawili wasiofanya kazi pamoja, katika bustani mbili, waliliona badiliko lilelile na kulitambua papo hapo. Mbegu hubadilika zenyewe kila mwaka, na mabadiliko mengi hufa bila kuonwa na mtu. Aliyelima peke yake, asiyewahi kuona maua ya mwingine, hana namna ya kujua kwamba lile lililochanua kwake ni geni. Cole na Unwin walijua kwa sababu walikuwa wameshayatazama mamia ya maua ya wenzao na walilikariri umbo la kawaida. Jicho la namna hiyo hupatikana mezani, penye ua la jirani.

Kupeana nako kuna ushahidi wake, tena wa kupendeza. Mwaka 1880 William Wilks, kasisi wa parokia ya Shirley karibu na Croydon, aliona katika kona ya bustani yake, iliyopakana na mashamba, popi nyekundu ya porini ambayo petali zake zilikuwa na ukingo mwembamba mweupe. Aliiwekea alama, akahifadhi mbegu zake. Mwaka uliofuata, katika mimea kama mia mbili, minne au mitano tu ndiyo iliyobeba ukingo ule. Akachagua tena, na tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka weusi wa katikati ukatoweka na rangi zikatawanyika kuanzia nyeupe hadi waridi na nyekundu. Popi za Shirley zingeweza kumtajirisha. Yeye alizigawa bure kwa kila aliyemwandikia kuomba. Wilks baadaye alikuwa katibu wa Jumuiya ya Kifalme ya Kilimo cha Bustani kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini sidhani kama alifanya lolote ofisini lililofika mbali kuliko zile pakiti za mbegu. Popi zake zimo katika bustani za nchi nyingi hadi leo, kwa sababu hapakuwa na ghala moja ambalo lingeweza kuungua au kufilisika nazo.

Anayepinga atanitajia George Russell, na ana haki. Russell alikuwa mtunza bustani wa York aliyekodi viploti vya mboga na kwa karibu robo karne, kuanzia kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akapanda humo lupini. Hakuchavusha kwa mkono. Aliwaachia nyuki, kisha akang'oa bila huruma kila mmea usiomridhisha. Wanunuzi walimfuata, naye akakataa kuuza wala kutoa. Alipokubali hatimaye, kwa kitalu cha James Baker, lupini zake ziliwekwa mbele ya umma London mwezi Juni 1937, zikatunukiwa medali ya dhahabu, na mkuzaji wake alikuwa anakaribia miaka themanini. Kwa hiyo ubora unaweza kuzaliwa kwa uchoyo? Unaweza, na sitajaribu kumgeuza Russell kuwa mtu mwingine. Lakini tazama mambo mawili. Mimea aliyoanzia aliikusanya kutoka kwa wengine. Bustani yake ilifunga mlango wa kutokea huku ule wa kuingilia ukiwa wazi. Na baada yake, aina bora za lupini zilizopewa majina zilitunzwa na mikono michache, virusi vikaziingia, na nyingi zimepotea kabisa. Tunajua uzuri wake kwa picha na maelezo tu. Kazi ya miaka ishirini na mitano ilidhoofika kwa kasi kuliko pakiti za kasisi wa Shirley.

Mfano mwingine unauma zaidi, nao ni wa wafumaji wa Paisley, Scotland. Mwishoni mwa karne ya 18 watu hao, waliofuma kwa mkono nyumbani mwao, walikuza maua madogo ya jamii ya karnesheni yenye petali zilizotiwa utepe wa rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva pembeni, kwa nakshi inayokumbusha vitambaa walivyovitengeneza. Walikuwa na chama, walikuwa na mashindano, na walikuwa na aina nyingi walizozipa majina. Viwanda vilipoua ufumaji wa mkono, watu wakatawanyika, vyama vikafa, na maua yakafa nyuma yao. Zilizobaki ni chache mno. Linganisha na Wakefield, Yorkshire, ambako chama cha wakuzaji wa tulipu kilichoanzishwa mwaka 1836 kingali hai. Tulipu ni maua ya masika, najua, lakini hoja ni ileile. Wanachama wake huonyesha maua yao kila Mei ndani ya chupa za bia, kama walivyofanya mafundi viatu na wachimba migodi waliowatangulia, na tulipu zile za kale zenye miali huwezi kuzipata kwa urahisi katika duka la kawaida. Zimedumu kwa sababu kila mwaka mwanachama mzee humpa mpya vitunguu vichache vya kupanda. Paisley na Wakefield walikuwa na maua mazuri sawa. Kilichowatofautisha ni kwamba kwa mmoja mnyororo wa kupokezana ulikatika.

Ua jingine ninalotaka kulitaja linatuhusu sisi. Kwenye vivuli vya misitu yenye unyevu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, huota mmea mlaini wenye shina la majimaji na maua bapa ya waridi au mekundu, Impatiens walleriana. Balozi John Kirk aliupeleka Uingereza kutoka Zanzibar, na mwaka 1882 mtaalamu wa mimea Joseph Hooker wa bustani za mimea za Kew aliuchapisha kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Baadaye ilibainika kwamba ni ua lilelile lililokwisha kupewa jina la mmisionari Horace Waller. Kwa miongo mingi lilienea kwa njia rahisi kuliko zote: unakata tawi, unalitia katika glasi ya maji dirishani, linatoa mizizi, unampa jirani. Kisha, miaka ya 1960, Mmarekani Claude Hope akiwa Costa Rica alizalisha mbegu chotara zinazotoa mimea mifupi inayolingana, na ua la misitu yetu likawa miongoni mwa maua ya majira ya joto yanayouzwa zaidi Marekani. Vitalu viliuza trei kwa trei, mtaa mzima ukavaa ua moja. Mwaka 2003 ugonjwa wa ubwiri vinyoya uliripotiwa katika bustani za Uingereza, na kufikia 2012 ulikuwa umeenea Marekani. Majani yalipukutika, vikabaki vikonyo vitupu, kwenye vitanda vya maua vya miji mizima. Ugonjwa huo hushambulia spishi nzima, kwa hiyo sidai kwamba tawi la dirishani lingepona. Nadai kwamba mtaa ambao watu wamezoea kutazamana na kupeana hupanda vitu tofauti tofauti, na siku ugonjwa unapofika hupoteza kitanda kimoja cha maua. Tangu hapo wazalishaji wametoa mimea inayostahimili, mojawapo ikiuzwa kwa jina la Imara, na hiyo ni kazi kubwa ya kitaalamu ninayoiheshimu. Soko lina sehemu yake. Lakini soko ndilo pia lililozifanya bustani zote kuwa moja.

Pingamizi nzito zaidi ni kwamba kugawana hueneza mabaya pamoja na mazuri. Ndugu wa ua letu, Impatiens glandulifera wa Himalaya, aliletwa Uingereza mwaka 1839, akapendwa, mbegu zake zikapitishwa mkono kwa mkono, na leo amefunika kingo za mito na kusonga mimea ya asili. Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria hawahitaji mfano wa Ulaya: gugu maji, lililosambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake la urujuani, lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na likafunga njia za wavuvi na bandari. Sina jibu litakalofuta hasara hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba uharibifu wa namna hii hukua pale mmea unapotolewa bila habari zake. Mkuzaji mzoefu anapokupa mche hukueleza pia kwamba huo hujisambaza, upande penye kizuizi, ukate kabla haujatoa mbegu. Trei ya dukani mara nyingi ina picha na bei tu. Vyama vya wakuzaji vina wajibu wa kutamka kwa sauti ni mimea gani isitoke mkononi mwao, na visipofanya hivyo vinastahili lawama.

Kuna wanaolalamika pia kwamba mashindano huharibu ua, na hapa nakubaliana nao nusu. Waamuzi wa njegere-maua walitazama ukubwa, mawimbi na urefu wa kikonyo. Katika mbio hizo aina nyingi mpya zilipoteza sehemu ya harufu, ambayo ndiyo iliyokuwa sifa kuu ya ua la Cupani. Kigezo kibovu huzaa ua bovu, na wanaoandika masharti ya mashindano wangepaswa kuipa pua alama kama macho. Hata hivyo, waliolihifadhi lile ua dogo la zambarau ni walewale wapenda bustani, waliolipanda kando ya yale makubwa, wakayanusa yote mawili, wakajua kilichopotea.

Na je, haya yote si anasa? Mwaka 1927 bustani 609 za watu binafsi Uingereza na Wales zilifunguliwa kwa umma, kiingilio shilingi moja, zikakusanya pauni 8,191 za kuwalipia wauguzi waliozunguka vijijini kuwatibu maskini. Utaratibu huo unaendelea. Watu walilipa ili waone maua ya wenzao, na mgonjwa kitandani akapata muuguzi.

Kwetu, asumini na kilua za mwambao zimefika hapa zilipo kwa njia ya Wakefield: tawi kutoka kwa bibi, mche kutoka kwa shangazi, vikuba vilivyofungwa kwa maua ya uani. Hazina trei dukani. Maonyesho ya Nane Nane huweka mezani mihogo, mahindi na ng'ombe bora kila Agosti, na wakulima huulizana pale kama wanavyoulizana wakuzaji wa njegere-maua. Waandaaji waongeze meza moja ya maua ya nyumbani, kila chombo kikiwa na jina la ua linavyoitwa kwao mwenye nalo na maelezo ya lilikotoka, pua ipewe alama zake, na kila atakayeleta ua alete na vipandikizi vitano vya kugawa.