Kwa nini watengenezaji wa roboti wanaiga mende, komba na nyoka?

Jengo linapoporomoka, waokoaji hushindana na muda. Mtu hawezi kupenya katika ufa mwembamba, na mashine nzito inaweza kuwaangushia zege walionaswa chini. Ndiyo maana baadhi ya wahandisi wameanza kujifunza kwa wanyama. Hapa tunaangalia mifano mitatu.

Mende anayejibana

Mende ana kimo cha takriban milimita 12 anapokimbia. Mwaka 2016 watafiti Kaushik Jayaram na Robert Full wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba anaweza kupita kwenye ufa wa milimita 3 tu. Gamba lake limeundwa kwa vipande vinavyoweza kujikunja, na miguu yake hutanuka pembeni huku ikiendelea kumsukuma mbele. Kwa kufuata mfano huo, walitengeneza roboti ya ukubwa wa kiganja inayojibana hadi nusu ya kimo chake na bado ikatembea.

Komba anayeruka

Mwaka huohuo, wahandisi wengine wa Berkeley walitafuta mnyama anayepanda juu haraka kwa kurukaruka. Walimchagua komba, mnyama wa usiku tunayemfahamu Afrika Mashariki. Komba anaweza kuruka mara tano ndani ya sekunde nne na kupanda jumla ya mita 8.5. Anapochuchumaa, misuli huvuta kano zake kama mpira wa manati. Anapojifyatua, nguvu yote hutoka kwa mpigo mmoja.

Roboti yao, Salto, ina uzito wa gramu 100 na hutumia springi badala ya kano. Huruka hadi mita moja, na inaweza kujirusha tena kutoka ukutani. Hata hivyo, wepesi wake wa kuruka ulifikia asilimia 78 tu ya ule wa komba.

Nyoka kwenye kifusi

Maabara ni jambo moja, maafa ni jingine. Baada ya tetemeko la ardhi la Septemba 2017 nchini Mexico, timu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani ilipeleka roboti yenye umbo la nyoka mjini Mexico City. Iliingizwa mara mbili katika kifusi cha jengo la makazi, ikiwa na kamera. Haikupata manusura.

Tunajifunza nini?

Wahandisi hawanakili mnyama mzima, bali huchukua mbinu moja: kujibana, kuruka au kujipinda. Mnyama hufanya zaidi ya hayo: hubeba nishati yake mwenyewe, huhisi njia na huamua pa kupita, yote kwa wakati mmoja. Hadi roboti ziweze kufanya hivyo, zitakuwa jicho la mwokoaji, lakini wa kuwatoa watu chini ya kifusi atabaki kuwa binadamu.