Vifuko vya utumboni: picha humwonyesha daktari nini?

Mkazi wa Lubao, Kakamega, anayeumwa tumbo upande wa kushoto chini ya kitovu huku akiwa na homa huenda akadhani ni amiba au homa ya matumbo. Ikiwa amepita umri wa miaka 50, kuna chanzo kingine kinachofaa kuchunguzwa: vifuko vya utumbo mpana, ambavyo madaktari huviita divatikula.

Hutokea pale utando wa ndani wa utumbo unaposukumwa nje kupitia sehemu dhaifu za misuli, hasa mahali mishipa ya damu inapopenya. Wengi huishi navyo wasijue. Hatari huja kifuko kinapovimba, kutunga usaha, kutoboka au kuvuja damu.

Kwa miaka mingi ilisadikiwa kuwa Mwafrika hana maradhi haya. Mtetezi mkuu wa rai hiyo, Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946, kwanza Lira kisha Mulago. Yeye na wenzake waliwamezesha watu vipande vidogo vya plastiki, wakapiga eksrei vinyesi vyao kuona vilitoka lini. Matokeo ya 1972 yalionyesha kuwa kwa wanakijiji wa Uganda safari hiyo ilichukua takriban saa 36, na kwa Waingereza zaidi ya 80. Wimbi, maharagwe na mrenda vikapata sifa.

Sifa hiyo imepunguzwa kidogo. Uchunguzi wa Marekani wa 2012, kwa watu zaidi ya 2,000, haukuona kuwa walao nyuzinyuzi nyingi wana vifuko vichache, ingawa tafiti nyingine zaonyesha nyuzinyuzi hupunguza madhara yake. Nazo njugu, zilizokatazwa bure miaka mingi, ziliondolewa lawama mwaka 2008.

Zamani mgonjwa alitiwa bariamu kupitia njia ya haja kubwa. Katika eksrei vifuko vilijitokeza kama matunda madogo yaliyoning'inia kando ya utumbo. Siku hizi, penye maumivu makali, skani ya CT ndiyo hutegemewa: huonyesha ukuta ulionenepa, mafuta ya jirani yaliyotanda kama ukungu, usaha, au hewa iliyotoroka nje ya utumbo. Bariamu haifai hapo, kwani ikivuja tumboni huzidisha balaa.

Kamera nayo husubiri wiki sita hadi nane uvimbe upoe, kisha huingizwa kuhakikisha kwamba ukuta ule mnene haukuwa saratani, kwa maana katika picha viwili hivyo hufanana mno.