Gari Lililokwenda Sawasawa Upande Usio Wake

Walioliona walikubaliana juu ya jambo moja: gari halikuyumba. Lilishika mstari wake kwa mwendo mkali, halikwenda kushoto wala kulia, na ndani yake walikuwamo watoto watano. Kosa lake lilikuwa moja tu. Lilikuwa linapanda kaskazini katika njia ya magari yanayoshuka kusini.

Hapo ni Taconic State Parkway, barabara kuu ya jimbo la New York, Marekani, Jumapili ya Julai 26, 2009, mnamo saa saba na nusu mchana. Gari lile lilikwenda kinyume kwa karibu kilomita 2.7 kabla ya kuvaana uso kwa uso na gari jingine. Wakafa watu wanane: dereva mwenyewe, mama wa miaka 36, bintiye wa miaka miwili, mabinti watatu wa kaka yake, mkubwa wao akiwa na miaka minane, na wanaume watatu waliokuwa kwenye gari la pili. Mwanawe wa kiume wa miaka mitano ndiye peke yake aliyetoka hai.

Kwa siku tisa watu walilia na familia zile. Ilidhaniwa ni maradhi ya ghafla, au mgeni wa njia aliyekosea kuingia. Agosti 4 yakatoka majibu ya maabara. Damu ya dereva ilikuwa na pombe miligramu 190 katika kila mililita 100, wakati kikomo cha sheria ya New York ni 80. Wachunguzi walikadiria kuwa ni sawa na vipimo kumi hivi vya pombe kali. Tumboni ilikutwa pombe nyingine ambayo haijaingia hata damuni, dalili kwamba alikuwa ametoka kunywa muda si mrefu. Bangi nayo ilionekana. Na kwenye mabaki ya gari ilipatikana chupa kubwa ya vodka, imevunjika.

Huruma ikaisha siku hiyohiyo. Mama aliyekuwa akisifiwa kwa kazi nzuri ofisini, nyumba iliyopangika na watoto waliolelewa vizuri akageuka shetani aliyeua malaika. Hilo likawa kundi la kwanza. Kundi la pili, likiongozwa na mumewe, lilisema haiwezekani: huyu hakuwa mlevi, kuna kitu kimefichwa. Ikasemwa ni jipu la jino, ikasemwa ni kisukari, ikasemwa ni kiharusi. Uchunguzi wa maiti haukuona kiharusi wala mshtuko wa moyo. Mwaka 2011 mtengenezaji filamu Liz Garbus alitoa filamu ya hali halisi kuhusu ajali hiyo. Sampuli zikapimwa tena kwa niaba ya familia, na majibu yakawa yaleyale.

Nimelifuatilia jambo hili kwa miaka, na kila nikilirudia naona makundi yote mawili yalikuwa yanamtafuta mlevi mmoja: yule wa vichekesho, shati nje, anaimba njiani, analala mtaroni. Wa kwanza wakasema kwa kuwa hakuonekana hivyo, basi alitudanganya kwa ukatili. Wa pili wakasema kwa kuwa hakuonekana hivyo, basi hakulewa. Hakuna aliyeuliza kama mlevi wa namna hiyo ndiye hasa wa kuogopwa barabarani.

Nitangulize tahadhari. Hakuna daktari aliyewahi kumpima mama yule na kusema ana uraibu wa pombe. Maabara ilipima mchana mmoja, haikupima maisha. Lakini mchana ule mmoja unatosha kutufundisha jinsi pombe inavyofanya kazi mwilini.

Pombe haisubiri kusagwa kama ugali. Kidogo hupenya kwenye kuta za tumbo, sehemu kubwa hupenya kwenye utumbo mwembamba, na baada ya dakika chache imeshafika kwenye ubongo. Chakula huichelewesha tumboni, ndiyo maana anayeshushia nyama choma halewi upesi kama anayekunywa na njaa. Mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanamume wa uzito uleule, na kimeng'enya kinachoanza kuivunja pombe tumboni huwa kidogo kwake. Wakinywa sawa, kipimo chake cha damu hupanda zaidi.

Kuitoa ni kazi ya ini. Ini huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, sumu kali kuliko pombe yenyewe, kisha huigeuza tena kuwa asetati ambayo mwili unaweza kuitumia. Kazi hiyo huenda kwa mwendo wa miligramu 15 hivi kwa saa katika kila mililita 100 za damu, huyu akizidi kidogo, yule akipungua. Ini halina habari na kahawa, ndimu, supu ya pweza wala maji baridi kichwani. Piga hesabu: mtu mwenye 190 akiweka glasi chini saa sita usiku, saa moja asubuhi bado ana 85 hivi. Amelala, ameoga, amepiga mswaki, amefunga tai, na mbele ya sheria ya Tanzania, ambayo kikomo chake ni 80 kama cha New York, bado ni dereva mlevi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kikomo kishuke hadi 50, na 20 kwa madereva vijana.

Wanaotafuna karafuu na bigijii wakimwona trafiki mbele wanajisumbua bure. Kipima ulevi, kile ambacho Wakenya walikizoea kwa jina la Alcoblow tangu kilipoingia barabarani Desemba 2013, hakinusi kinywa. Kinapima hewa ya ndani kabisa ya mapafu, ambako pombe hutoka kwenye damu na kuingia kwenye pumzi kwa uwiano unaojulikana. Mmarekani Robert Borkenstein ndiye aliyekifanya kuwa chombo cha kubebeka mwaka 1954.

Tuje kwenye ubongo sasa, maana huko ndiko siri ilikolala. Kuna wajumbe wa kemikali wanaotuliza, mkubwa wao akiitwa GABA, na wapo wanaoamsha, mkubwa wao glutamati. Pombe huwapa nguvu watulizaji na kuwaziba midomo waamshaji. Ndiyo raha ya chupa ya kwanza. Anayekunywa mara mojamoja, mambo hurudi kesho yake. Anayekunywa kila siku, ubongo unachoka kusubiri, unajipanga upya: unapunguza masikio yanayomsikia mtulizaji na kuongeza yanayomsikia mwamshaji. Kuanzia hapo mtu hanywi ili alewe. Anakunywa ili awe sawa.

Mtaani tunamsifu mtu huyo. Tunasema ana kichwa, anazimudu, pombe haimpati. Akishika glasi asubuhi tunasema anazimua, tunacheka, tunamwagizia supu. Daktari akisikia maneno hayohayo anaandika: usugu, na dalili za kukosa pombe.

Na usugu hauji kila mahali kwa kipimo kimoja. Mambo ambayo mtu ameyafanya maelfu ya mara, kama kutembea, kusalimia, kulipa dukani na kushika usukani kwenye mstari ulionyooka, ubongo hujifunza kuyafanya ukiwa ndani ya pombe. Yanayotaka akili mpya kila mara hayajifunzi vizuri hivyo: kusoma kibao cha usiingie, kugundua kwamba taa zote zinakujia, kuamua kusimama. Ndiyo maana gari linaweza kwenda sawasawa kabisa na kuwa upande wa mauti. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, katika ripoti yake ya 2012, ilikuta zaidi ya nusu ya madereva walioingia njia isiyo yao na kusababisha ajali za vifo walikuwa wamelewa.

Asubuhi ile ya Julai, kamera ya kituo cha mafuta ilimnasa mama yule akiingia, akiuliza dawa ya maumivu, akaikosa, akatoka. Hapepesuki. Huenda saa ile hakuwa ameonja kitu. Mnamo saa saba mchana mmoja wa wale mabinti alimwambia baba yake kwenye simu kwamba shangazi haoni vizuri na maneno yake hayaeleweki. Baba akamwambia dada yake asiondoke hapo alipo, anakuja. Simu ilikutwa baadaye imeachwa kando ya barabara. Wenyewe walishaondoka.

Neno shangazi ndilo linalonirudisha nyumbani.

Wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Moshi. Mbege hakuigusa hata kwenye harusi. Alisema ni pombe ya wazee. Viroba, vile vifuko vya pombe kali, vilipopigwa marufuku nchini Machi 1, 2017, hatukujua kwamba jambo hilo lilimhusu. Mwezi uleule alianza kwenda shuleni na chupa ndogo ya chai, ya bluu, yenye kifuniko cha kusokota, na walimu wenzake walijua anakunywa chai ya rangi bila sukari kwa sababu ya presha. Miaka yote hiyo aliendesha Starlet yake, akatupeleka sokoni, kanisani na misibani, na hakuwahi kugonga hata kuku.

Tulimjua kitandani, wodini. Aliteleza bafuni akavunjika mguu. Siku ya kwanza alikuwa mzima kuliko sisi. Siku ya pili mikono ilianza kutetemeka na shuka likalowa jasho. Siku ya tatu akawa anatuomba tuwafukuze panya waliojipanga ukutani, na ukutani hapakuwa na kitu ila kalenda. Mama yangu alikemea mapepo. Daktari wa zamu, kijana, alituuliza swali moja tu: anakunywa kiasi gani? Tukakasirika wote.

Alichokiona kijana yule ni ubongo wenye waamshaji wengi ambao mtulizaji wao ameondolewa ghafla. Hali hiyo huweza kuleta degedege na kuua, kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne. Kwa hiyo mtu anayekunywa kila siku asifungiwe chumbani na ndugu ili aache kwa nguvu. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza zinazopunguzwa kidogokidogo, pamoja na vitamini B1, na baadaye zipo dawa kama naltreksoni na akamprosati zinazosaidia asirudie. Ushauri wa kitaalamu na vikundi vya walioacha hufanya sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo ndefu.

New York yenyewe ilijibu kwa sheria. Oktoba mwaka uleule wa 2009 msichana wa miaka 11 alikufa Manhattan katika gari la dereva aliyelewa, na Novemba Gavana David Paterson akasaini Sheria ya Leandra, iliyopewa jina la mtoto huyo. Kuendesha umelewa ukiwa na mtoto wa miaka 15 au chini yake likawa kosa kubwa la jinai hata kama ni mara ya kwanza, na aliyetiwa hatiani akalazimika kufungiwa kwenye gari lake chombo cha kupulizia, ambacho gari haliwaki kikinusa pombe. Ni sheria nzuri. Ila inamkuta aliyekwisha kukamatwa, na mlevi asiyeyumba hakamatwi upesi.

Vigezo ambavyo madaktari wa akili wa Marekani wanavitumia tangu 2013 ni 11, na viwili tu katika mwaka mmoja vinatosha kumwita mtu mwenye tatizo la pombe. Kinachonishangaza ni kisichokuwamo: havitaji idadi ya chupa. Vinauliza kama umejaribu kupunguza ukashindwa, kama unaitamani, kama kazi au nyumba vimeyumba, kama unahitaji nyingi kuliko zamani. Mtu anaweza kunywa chupa chache kuliko jirani yake wa baa na akawa ndiye mgonjwa.

Kuna kipimo kingine kifupi, AUDIT cha Shirika la Afya Duniani, maswali kumi yanayojibiwa kwa dakika chache. Kilitengenezwa kwa utafiti wa nchi sita, Kenya ikiwamo. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kazi yao ya kukileta katika Kiswahili cha Tanzania, waliyoifanya kwa majeruhi wa ubongo hapohapo Moshi, katika hospitali ya KCMC. Alama huanzia sifuri hadi 40; kuanzia 8 mhudumu hutakiwa kuinua kichwa.

Shangazi alisomewa maswali hayo wiki ya pili, panya walipokwisha kuondoka. Muuguzi alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, akaanza kwa shikamoo mwalimu, akasoma polepole kama mtu anayesahihishwa imla. Lilipofika swali la sita, la kunywa asubuhi ili mwili ukae sawa, shangazi aliuliza kama kuzimua nako kunahesabiwa. Akaambiwa ndiyo. La nane ni la kutokumbuka yaliyotokea usiku uliopita. Alinyamaza sana, kisha akataja Jumapili moja aliyoamka akakuta gari limeegeshwa vizuri uani, na vitukuu wawili wa jirani wamelala kiti cha nyuma, na yeye hana habari alitoka nao wapi.

La kumi linauliza kama ndugu, rafiki au daktari amewahi kuonyesha wasiwasi juu ya unywaji wako. Shangazi alitutazama mmoja mmoja pale kitandani, mama, mimi, kaka.

"Hapana," alisema. "Hakuna aliyewahi."

Muuguzi akaandika sifuri.