WARSAN SHIRE: BINTI WA KISOMALI ALIYEANDIKA HABARI ZETU

Mwezi huu tunawaletea habari za mshairi ambaye wengi hapa hawajasikia jina lake, lakini maneno yake yamefika mbali sana. Anaitwa Warsan Shire.

Alikotoka

Warsan alizaliwa Nairobi, Kenya, mwaka 1988. Wazazi wake ni Wasomali. Alipokuwa na mwaka mmoja tu, familia ilihamia Uingereza, akakulia London. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka na vita vikatawanya watu kila upande. Kwa hiyo nchi ya wazazi wake aliijua kwa kusimuliwa. Je, siyo sawa na watoto wetu waliozaliwa hapa kambini, ambao nchi yao wanaijua kwa mdomo wa bibi tu?

Alivyoanza

Akiwa bado kijana, alihudhuria mafunzo ya kuandika mashairi kwenye kituo cha vijana. Aliyefundisha ni mshairi Jacob Sam-La Rose, akamwona ana kipaji na akaendelea kumwongoza. Warsan ana tabia moja nzuri: huwarekodi ndugu zake wakisimulia waliyoyapitia, ili maneno yao yasipotee. Halafu ndiyo anaandika. Ndani ya mashairi yake mna sauti za mama, za shangazi na za jamaa waliopita njia ngumu.

Mwaka 2009 alifika Roma, Italia, kwenye jengo la ubalozi wa Somalia lililoachwa wazi. Vijana wakimbizi walikuwa wanalala humo, na usiku uliotangulia mmoja wao alikuwa amepoteza maisha. Kutokana na safari hiyo aliandika juu ya watu wanaokimbia kwao. Mwaka 2015, watu wengi walipokuwa wanavuka bahari kwenda Ulaya, shairi lake kuhusu nyumbani lilisambaa na kusomwa kwenye mikutano ya kuwatetea wakimbizi.

Kazi na tuzo

Kitabu chake cha kwanza, chembamba tu, kilitoka 2011. Mwaka 2013 alipata tuzo ya ushairi wa Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Brunel, kati ya washiriki 655, na mwaka huohuo akateuliwa kuwa mshairi kijana wa kwanza wa jiji la London. Mwaka 2016 mwanamuziki Beyoncé alitumia maneno yake katika filamu ya albamu ya Lemonade. Kitabu chake kikubwa kilitoka 2022.

Sisi tufanye nini?

Kuna wazazi wanaotuuliza: "Mwalimu, mashairi yatamletea mtoto wangu unga?" Swali ni la haki. Hatuwaambii kila mtoto atakuwa Warsan. Yeye alikulia London, penye shule na maktaba. Hapa kwetu hata kalamu inagombaniwa. Lakini mwanzo wake, yaani kumsikiliza mkubwa anaposimulia, hauhitaji visa wala karo.

Na tusijidanganye, wazee wetu wanaondoka. Kila tunapomzika mmoja, tunazika pia jina la kijiji, la mto na la babu ambalo hakuna mwingine analolijua. Mtoto asiyejua habari hizo atajibu nini siku akiulizwa yeye ni nani?

Basi jioni, mkishakula, mwiteni babu au bibi asimulie. Mtoto achukue daftari, aandike kwa lugha yoyote aliyonayo. Kama jambo ni zito mno, msimlazimishe mtu; anzeni na harusi, mavuno au michezo ya utotoni. Mkishaandika, leteni shuleni kwa walimu wa kujitolea. Tutasoma pamoja na watoto, na daftari litarudi nyumbani likae na familia.

Karibuni sana.