Farasi na Baridi: Moto Uko Tumboni

Katika Jamhuri ya Sakha, kaskazini mashariki mwa Siberia, kuna farasi wafupi wenye manyoya marefu ambao banda hawalijui. Mwezi wa Januari baridi hufika hata nyuzi 50 za Selsiasi chini ya sifuri, nao wako nje usiku na mchana, wakiparua theluji kwa kwato ili wazifikie nyasi zilizokauka chini yake.

Novemba 1911, Kapteni Robert Scott wa Uingereza alianza safari ya kwenda Ncha ya Kusini akiwa na farasi wadogo 10 walionunuliwa Manchuria, nchi isiyo ngeni kwa baridi. Walivishwa mablanketi, na kila kambini watu waliwajengea kuta za theluji za kukinga upepo. Mapema Desemba, ambayo huko ni majira ya joto, dhoruba iliwakuta njiani ikawazuia kwa siku kadhaa. Halijoto ilizunguka sifuri tu, theluji ikawa inayeyuka mwilini mwao, na chakula chao kikaisha. Tarehe 9 Desemba wale wa mwisho walipigwa risasi, wakiwa hoi.

Wa Sakha huishi kwenye nyuzi 50 chini ya sifuri. Wa Scott walimalizika kwenye sifuri. Tofauti iko katika mambo mawili: nyasi tumboni na ukavu wa manyoya. Anayeyafahamu hayo mawili ataelewa kwa nini farasi hubadilika tabia na ulaji kunapokuwa na baridi.

Tuanze na tumbo. Farasi hacheui kama ng'ombe. Nyuzinyuzi za nyasi humeng'enywa nyuma, katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana na katika utumbo wenyewe, ambamo bakteria huzichachusha. Kazi hiyo hutoa joto jingi, nalo hutoka polepole kwa saa nyingi. Kwa hiyo farasi anayetafuna nyasi kavu usiku kucha ana tanuri lisilozimika. Mahindi na shayiri humeng'enywa zaidi katika utumbo mwembamba, na joto linalotokana na mmeng'enyo wake ni dogo. Kuna saisi wengi wanaoamini kwamba mahindi ni chakula cha kupasha mwili joto, wakayaongeza usiku wa baridi. Kinachoongezeka hapo ni nguvu za kurukaruka asubuhi, pamoja na hatari ya kuumwa tumbo.

Kila mnyama wa damu moto ana kiwango cha halijoto ambacho, ikishuka chini yake, mwili hulazimika kuchoma chakula cha ziada ili ubaki na joto lake. Kwa farasi mzima aliyezoea hali ya wastani, kiwango hicho ni karibu nyuzi 5. Kwa aliyezoea majira ya baridi na kuota manyoya mazito, kama wale waliopimwa magharibi mwa Kanada, kinaweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Chini ya hapo, kila nyuzi moja huongeza mahitaji ya nishati kwa takriban asilimia 2.5. Farasi wa kilo 500 hula kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku. Nyuzi 10 chini ya kiwango chake, atahitaji kilo 2 au zaidi juu ya hizo. Ndiyo maana baridi inapoingia ghafla hori huwa tupu mapema, na farasi huanza kuguguna mbao za banda.

Hata hivyo, si kila baridi huongeza hamu ya kula. Watafiti wa Vienna waliowafuatilia farasi wa Przewalski, farasi wa mwitu wa nyika za Mongolia, waliona kwamba wakati wa baridi wanyama hao hupunguza ulaji na mapigo ya moyo, na mwili mzima hupunguza mwendo. Farasi wadogo wa Shetland nao wana uwezo wa namna hiyo wanapopunguziwa chakula. Kwa farasi wa jamii hizi, kula kidogo na kutembea polepole katikati ya majira ya baridi si lazima iwe ugonjwa.

Kwa farasi wa kawaida wa bandani, hamu ikipotea mtazame kwanza maji. Nyasi mbichi zina maji yanayokaribia robo tatu ya uzito wake au kuzidi. Nyasi kavu hazina hata robo. Farasi anayehamishiwa kwenye nyasi kavu huhitaji kunywa zaidi, na hapo hapo maji yamekuwa ya barafu. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, farasi wadogo waliopewa maji yaliyokaribia kuganda walikunywa kidogo kuliko walipopewa ya vuguvugu. Asiyekunywa hali vizuri, na kile alichokula hukauka na kuziba utumbo. Ukimwona anageuza shingo kutazama ubavu, anakwangua chini kwa mguu wa mbele na samadi yake imekuwa chache na kavu, mwite daktari wa mifugo bila kungoja asubuhi.

Sasa manyoya. Kinachomwambia farasi aote manyoya marefu ni hasa kufupika kwa mchana, kabla hata baridi haijafika. Manyoya makavu yanaposimama hunasa hewa, na hewa hiyo ndiyo kinga. Yakilowa hulala, na kinga huondoka. Hapa wafugaji wa nyanda za juu za Kenya wanahusika. Karibu na ikweta mchana haufupiki kiasi cha kutoa ishara ya maana, kwa hiyo farasi wa mbio wa Ngong, ambaye hata kwa asili ana ngozi nyembamba, huipokea baridi ya Julai akiwa na manyoya mafupi. Usiku wa nyuzi 10 wenye manyunyu na upepo unaweza kumsumbua kuliko theluji kavu inavyomsumbua wa Sakha.

Tabia ya farasi itakueleza baridi imemfikisha wapi. Asubuhi kavu yenye ubaridi, farasi mzima hurusha mateke na kukimbia ovyo. Huo ni uchangamfu, nao mwendo humpasha joto. Mpandaji amtembeze kwanza kabla ya kumdai kazi. Upepo ukizidi, huupa mgongo, huinamisha kichwa, hubana mkia na kusogeleana na wenzake. Hiyo ni akili yake ya asili. Akianza kutetemeka mfululizo, kinga zake za kawaida zimeshindwa, na hapo anahitaji kukaushwa, kukingwa na kupewa nyasi.

Kuhusu blanketi, mwaka 2016 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya kuwafundisha farasi 23 kugusa vibao vyenye alama tatu: nivishe, nivue, niache nilivyo. Waliojifunza walichagua kulingana na hewa. Penye jua na joto walilikataa. Penye mvua, upepo na baridi walilitaka. Linafaa hasa kwa farasi mzee, aliyekonda, aliyenyolewa au mgonjwa. Lakini blanketi lililolowa humwongezea baridi, na lililovalishwa wiki nzima bila kufunuliwa huficha mbavu zinazoanza kutokeza. Manyoya mazito huficha vilevile, kwa hiyo pitisha kiganja ubavuni kila wiki. Jicho pekee halitoshi. Mzee mwenye meno mabovu atatema vibonge vya nyasi zilizotafunwa nusu, na kwake kumwongezea nyasi ndefu hakusaidii: zikatwe fupi na kulowekwa.

Mwenye fedha kidogo afuate mpangilio huu: kwanza nyasi za kutosha, hasa za usiku, pili maji yasiyo ya barafu, tatu paa na ukuta upande upepo unakotoka, na mwisho blanketi, ambalo farasi wengi wenye afya, wakishapata hayo matatu, hawalihitaji.