Rejeta ya mtumba au mpya? Mwenye pikapu apige hesabu kwanza

Kwa mkulima anayepeleka nyanya sokoni kwa pikapu kuukuu, gari likichemsha njiani hasara haiishii kwenye gari. Nyanya hazimsubiri fundi. Zikilala kwenye matenga kando ya barabara, zinafika sokoni zimelainika na mnunuzi anapanga bei anavyotaka.

Mara nyingi chanzo ni rejeta iliyoziba au inayovuja. Swali linalofuata ni la mfukoni: anunue mpya, atafute ya mtumba, au aipeleke ya zamani kwa fundi ikazibwe?

Jibu haliko kwenye bei ya dukani peke yake. Chukulia mfano wa bei za kukadiria: rejeta mpya Sh300,000, ya mtumba Sh120,000, ufundi Sh40,000 na kulanti Sh30,000. Anayenunua mpya anatumia Sh370,000. Wa mtumba anatumia Sh190,000, hivyo anaokoa Sh180,000.

Lakini ya mtumba ikifa mapema akalazimika kununua nyingine ya mtumba, ufundi na kulanti vinalipwa upya. Jumla inakuwa Sh380,000, yaani Sh10,000 zaidi ya aliyenunua mpya. Hapo mzigo ulioharibika haujahesabiwa, wala silinda hedi iliyopinda kwa joto. Ikidumu miaka mitatu, aliyenunua mtumba amepata faida. Kwa hiyo faida ya mtumba inategemea ukaguzi kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kwanza, je, ni rejeta kweli?

Gari kuchemsha kuna sababu nyingi. Mkanda wa feni ukilegea, feni ikigoma, pampu ya maji ikichoka au themostati ikikwama, injini itachemsha hata kama rejeta ni mpya. Mapovu yasiyokwisha ndani ya rejeta injini ikiwaka, au oili iliyogeuka rangi ya maziwa, ni dalili kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Kubadili rejeta peke yake hapo ni kutupa fedha.

Kifuniko cha rejeta nacho kisidharauliwe. Maji ya kawaida huchemka kwa nyuzi joto 100 usawa wa bahari, lakini kwenye nyanda za juu, mita 1,600 hivi, huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Kifuniko kizima hushikilia presha ili maji yasichemke hadi yapite nyuzi 100. Kikilegea, gari lenye mzigo linalopanda mlima kama Kitonga, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, liko hatarini: injini inafanya kazi nzito, mwendo ni mdogo na upepo unaopita kwenye rejeta ni haba.

Kuziba ya zamani

Magari mengi ya zamani yana rejeta za shaba. Hizo fundi anaweza kuzifungua, kuzibua vijibomba na kuziba tundu kwa kuchomelea risasi. Ikiwa mapezi yake bado ni imara, hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote.

Rejeta nyingi za miaka ya karibuni zina vijibomba vya aluminiamu na matangi ya plastiki. Risasi haishiki kwenye plastiki, na gundi ni ya kumfikisha mtu nyumbani tu. Dawa za unga za kuziba tundu kutoka ndani zinaweza pia kuziba vijibomba vyenyewe, na tatizo likawa kubwa zaidi.

Kuchagua ya mtumba

Kwenye maduka ya spea zilizotumika, kama yale ya Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, mnunuzi aende na rejeta yake ya zamani. Alinganishe unene, sehemu za kufungia, na matundu ya mipira. Gari la gia otomatiki mara nyingi lina kipozeo cha oili ya gia ndani ya rejeta, hivyo ya gari la gia za kawaida haitafaa.

Atazame maungio ya plastiki na chuma. Alama nyeupe, za kijani au za kutu huonyesha palipowahi kuvuja. Rangi mpya iliyopakwa juu ya rejeta kuukuu imtie shaka. Plastiki iliyopauka na yenye nyufa ndogo ndogo haina maisha marefu, na mapezi yanayopukutika yakiguswa hayapozi tena.

Achungulie ndani. Tope la kahawia ni kutu. Utelezi wa oili maana yake rejeta imetoka kwenye gari lililokuwa na ugonjwa, na kwa la otomatiki mabaki ya chuma kutoka gia iliyokufa yanaweza kuhamia kwenye gia nzima.

Kipimo cha mwisho ni cha maji. Matundu yote yanazibwa, rejeta inatumbukizwa kwenye pipa la maji, kisha inapewa upepo kidogo wa kompresa, kama psi 15 hivi, si presha ya tairi. Mapovu yakitoka, inavuja. Muuzaji anayekataa kipimo hiki au kuandika risiti yenye muda wa kurudisha, aachwe.

Mpya nazo si sawa

Neno "mpya" si dhamana. Zipo za kuigiza ambazo ni nyembamba na zenye mapezi machache kuliko ya kiwandani. Gari likienda mjini bila mzigo hazina shida, lakini likibebeshwa magunia zinashindwa. Ya mtumba ya kiwandani iliyopita vipimo inaweza kuwa bora kuliko mpya ya namna hiyo.

Wakati wa kufunga

Kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto; maji yanaruka na kuunguza. Mipira iliyovimba na vibano vyenye kutu vibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kamba hukatikia pabovu.

Themostati isitolewe, ingawa baadhi ya mafundi hupenda kufanya hivyo. Injini isiyo nayo huchelewa kupata joto, hula mafuta zaidi, na katika baadhi ya injini maji hurudi bila kupita kwenye rejeta.

Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani. Afadhali kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Kulanti ya zamani isimwagwe uani: nyingi zina glaikoli, sumu yenye ladha tamu inayoweza kuua mbwa, mbuzi au ng'ombe atakayeilamba.

Kwa gari la shamba, vumbi na makapi yaoshwe kwenye mapezi kwa maji ya presha ndogo, kutokea upande wa injini kwenda mbele. Na kiwango cha maji kikaguliwe asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla ya kupakia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye gari ukuta huo ni injini nzima.